Meli Mpya Ina Kiti cha Mtu wa Juu

Redio ilikuwa bado inaimba. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo umejaa unga wa jiwe, mguu wangu wa kushoto uko mahali nisipoweza kuuona. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa karibu na uso wangu, vidole vimekunjwa kama bado vimeshika mtaimbo. Nilimwita. Nikamwita tena kwa jina la utotoni, lile ambalo mama alikuwa anamwitia uji. Hakujibu. Na kule juu, kwenye ukingo wa shimo, redio inaimba wimbo wa harusi. Wimbo ukaisha. Mtangazaji akacheka, akasalimia wasikilizaji wake popote walipo, akaweka mwingine.

Mtu wa mahali pengine akisoma hapa atafikiri nilichukia kelele. Wacha nieleze, kwa sababu bila kuelewa redio hataelewa kwa nini mzee kama mimi, mwenye darasa la nne na mguu mmoja, leo ninangojea meli za angani kama vile wengine wanangojea mvua.

Kwetu huku Kisii kuna mawe ya sabuni. Ni yale mawe laini yanayochongwa viboko na sahani na watu waliokumbatiana, halafu yanapakiwa na kwenda ng'ambo. Jiwe zuri, lile lenye rangi ya waridi, halikai juu. Unalifuata ndani ya kilima, na kadiri unavyoingia unaacha paa la jiwe juu ya kichwa chako. Ukiwa chini huwezi kujua hilo paa linawaza nini. Kwa hiyo tangu wakati wa baba zetu kila shimo lilikuwa na mtu wa juu.

Mtu wa juu hachimbi. Anasimama ukingoni, anaangalia kama kuna ufa mpya, anaangalia vumbi linadondokea wapi. Na anaimba. Akiwa anaimba, sisi wa chini tunajua kwamba yuko, anaona, na hakuna neno. Akinyamaza, tunatupa vyuma na kutoka. Hatuulizi. Wazee walioanzisha hiyo kazi walijua kwamba ukimpigia mtu kelele akiwa shimoni, kwanza atauliza, "Unasema nini?" Na wakati anauliza, jiwe haliulizi. Kimya hakina cha kuuliza. Unakisikia, unakimbia.

Mtu wetu wa juu alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti mbaya kuliko sauti zote nilizowahi kusikia. Ilikuwa kama mlango wa zizi. Mdogo wangu alikuwa anamchokoza kutoka chini:

"Mzee, punguza! Hiyo sauti yako ndiyo itaangusha jiwe!"

Na mzee hakuacha kuimba ili amjibu, maana hakuruhusiwa kuacha. Alimjibu ndani ya wimbo. "Kuna kijana hapa chini, ee, mke wake alimpikia maharagwe, ee, na sisi wa juu tumejua, ee, upepo umetuletea habari." Tulikuwa tunacheka mpaka mtaimbo unatuponyoka mkononi. Mimi nasema siku zile tulikuwa salama. Kazi ngumu, lakini salama.

Sasa mwenye shimo. Jina lake silitaji hapa, lakini nikisema mwenye shimo kila mtu kwetu anajua ni nani, na yeye mwenyewe akisomewa atajijua. Siku hiyo lori lilikuja na wapakiaji hawakutosha. Mwenye shimo akapanda mpaka ukingoni, na mimi nilikuwa karibu na mlango wa shimo, nikasikia kila neno kwa haya masikio yangu.

"Wewe mzee, shuka upakie."

"Nani ataangalia watoto wa watu?"

"Si kazi yako ni kuimba? Hata redio inaimba. Tena inaimba vizuri."

"Redio haina macho."

"Na wewe huna miwani. Shuka!"

Mzee alinyamaza, na sisi, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa, tukatoka mbio sote. Tukasimama nje tukihema. Mwenye shimo akacheka sana. Akatungika redio yake kwenye kijiti cha juu, akaongeza sauti, akasema, "Haya, mnaimbiwa. Rudini kazini, lori linangoja." Mdogo wangu naye akacheka. Akaniambia, "Kaka, leo angalau tunaimbiwa na mtu anayejua kuimba." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo nayakumbuka yote. Tukarudi.

Ufa ulipofunguka, redio haikuona kitu. Ikaendelea.

Kwenye mazishi mwenye shimo alivaa suti, akasema ni mipango ya Mungu. Halafu kwenye baraza ya chifu akasema jambo lingine, la chini chini. Eti mtu wa juu aliacha kazi akaenda kunywa pombe ya busaa. Yule mzee hajawahi kuweka busaa mdomoni. Ni Msabato wa kuzaliwa. Lakini watu waliofiwa wanataka mtu wa kumkasirikia, na mzee maskini ni rahisi kumkasirikia kuliko tajiri mwenye lori. Wakamwamini mwenye shimo, na wachimbaji na wapakiaji waliojua wakatazama chini, maana lori ndilo lililowalisha. Mimi nilibebwa mpaka kwenye hiyo baraza nikiwa bado na bendeji, nikasema nilichosikia. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, upole ule wa kumfukuza mtu, "Jiwe lilimgonga kichwani. Mgonjwa apumzike."

Mzee akahamia Nyacheki, kwa binti yake, akawa anachuma majani chai. Nikaambiwa hata kanisani haimbi tena. Anashika kitabu cha nyimbo, anafungua ukurasa, na mdomo umefungwa.

Mimi nikapelekwa Nyanchwa, kwa mtoto wa dada yangu, ili nisiwe mbali na hospitali. Nyumba yao iko kwenye mteremko, na bodaboda wakipanda pale wanalia kama wanazaa. Mpwa wangu anafanya kazi ofisini mjini. Mume wake ni Mjaluo wa upande wa ziwani, fundi wa kompyuta, kijana mrefu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Ananiita jaduong', yaani mzee kwa lugha yao, na hajawahi kuniita mgonjwa.

Nilikuwa nimekaa pale kama gunia. Naangalia ukuta, nakula, naangalia ukuta. Jioni yeye anarudi kazini, anakaa mbele ya kompyuta aliyoiunda mwenyewe kutokana na vipande vya zingine, anavaa vitu vya masikio na kuruka angani. Ilikuwa gemu. Ndani yake kuna nyota na sayari, na watu wa dunia nzima wanaendesha meli humo kwa wakati mmoja. Mimi niliona ni upuuzi.

"Jaduong', njoo uone."

"Nione nini? Mtu mzima anacheza."

"Njoo uone mawe."

Nikajikokota na magongo yangu. Kwenye kioo kulikuwa na jiwe kubwa kama kilima, linaelea peke yake, jua linalipiga upande mmoja. Alikuwa analichimba kwa mwali wa moto kutoka kwenye meli yake. Na alikuwa analichimba vibaya! Anapiga katikati tu, kama mtu anayekata keki. Nikamwambia, "Hapana, zunguka. Ingia kwa ubavu. Huoni huo mstari?" Akazunguka. Jiwe likafunguka kama ganda la ndizi. Akanigeukia, akavua vile vya masikio, akaniwekea mimi kichwani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikufunzwa kwa siku moja. Nilivunja meli nyingi, niligonga vituo, niliwahi kupotea mpaka nikazima kompyuta kwa hasira. Lakini mikono yangu ilikuwa bado mikono ya jiwe, na huko angani mtu hahitaji miguu.

Baadaye tukawa kikundi. Mimi kwenye kompyuta ya pili aliyoniundia mkwe wangu, yeye kwenye yake, na mama mmoja wa Mwanza ambaye sijawahi kumwona uso, sauti tu. Baba yake alichimba dhahabu, kwa hiyo anajua mashimo. Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya fundi, na changu kinamchekesha.

"Kaka, umesema 'hii mawe'?"

"Ndiyo. Hii mawe iko na shida."

"Ee Mola! Kiswahili chako kimeangukiwa na ukuta."

"Si kimeangukiwa tu. Mimi pia niliangukiwa. Tuko wawili."

Akacheka, nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuifanyia hiyo habari mzaha. Nilishangaa kwamba inawezekana.

Nikawafundisha sheria ya kwetu. Wawili wanachimba, mmoja anakaa nje na meli ndogo, anazunguka jiwe na kuongea bila kuacha. Aongee chochote, hata bei ya sukari. Akinyamaza, wengine waondoke hapo hapo bila kuuliza. Mkwe wangu alisema ni kazi bure, kwa sababu kwenye dashibodi ya meli kuna taa. Ikiwa kijani, jiwe limetulia. Ikiwa nyekundu, limepata joto nyingi na litapasuka. Nikamwambia sijui mambo ya taa. Yule mama wa Mwanza akasema, "Mimi niko upande wa kaka." Kwa hiyo tukawa tunafanya hivyo.

Halafu ikatoka apdeti. Hao wenye gemu, watengenezaji, huwa wanaibadilisha mara kwa mara. Wanaongeza meli, wanabadilisha mawe, wanaharibu kitu kimoja wakitengeneza kingine. Siku hiyo mama wa Mwanza hakuwepo, umeme wao umepotea, na mkwe wangu akanibembeleza. "Jaduong', tuangalie taa tu, leo tu." Tukaingia wawili. Tukachimba. Taa ilikuwa kijani. Jiwe likaanza kutoa mng'aro kwenye mishipa yake, mimi nikasema hapana, hili linaenda, yeye akasema taa ni kijani. Likapasuka, meli zetu zote mbili zikawa vumbi, na ile taa, nakwambia, kabla kioo hakijawa cheusi niliiona. Kijani.

Nilivitupa vile vitu vya masikio sakafuni. Mpwa wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akamfokea mumewe, "Umemfanya nini mjomba?" Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nasikia wimbo wa harusi.

Sikutaka kurudi kwenye ile kompyuta. Nilikaa mbali nayo mpaka siku moja mkwe wangu akaja na simu yake, akasema watengenezaji wameandika. Huwa wanaandika kila wanapotoa apdeti: nini kimevunjika, nini kimetengenezwa. Yeye alikuwa na mazoea ya kuyapita tu. Siku hiyo akakaa chini kando yangu, akanisomea kwa Kiswahili, akitafuta maneno.

"Wanasema hivi. Kwenye toleo lililopita, taa ya usalama ilibaki kijani hata wakati jiwe lilikuwa linakaribia kupasuka. Sababu ni kwamba tulibadilisha mfumo wa joto, na hatukuunganisha taa na mfumo mpya. Taa ilikuwa inaonyesha rangi bila kuangalia jiwe. Kosa ni letu. Tumerekebisha. Waliopoteza meli watarudishiwa."

Nikamwambia, "Soma tena."

Akasoma tena.

"Hapo kwa kuonyesha rangi. Rudia hapo."

"Taa ilikuwa inaonyesha rangi bila kuangalia jiwe."

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Meli yenyewe haikuwepo. Ilikuwa picha. Hakuna mama aliyeipikia uji. Na watu wa mbali, ambao hawanijui wala hawataniona, wamekaa chini wakasema: kilivunjika hiki, sababu ni hii, mkosaji ni sisi, na kesho tutafanya hivi. Meli yangu ya picha imejibiwa. Mdogo wangu bado.

Tangu hapo nikawa mfuasi wa apdeti. Mpwa wangu anasema niko nazo kama wazee wengine na siasa. Nataka kujua kinachokuja, nataka nisomewe hata vile vidogo. Kuna meli ya hospitali wameahidi, yenye vitanda na mlango mpana wa kuingiza mtu aliyelala. Wameisogeza mbele tena na tena, mpaka mama wa Mwanza anaiita meli ya uchaguzi, ahadi tupu. Lakini kila wakiisogeza wanasema kwa nini. Mlango haufungi vizuri, kitanda kinapita ukutani, wagonjwa wanaanguka angani. Sawa. Nitangoja. Kuna jambo lingine walilotangaza, la kumbeba mwenzako aliyeumia mpaka kwenye meli yako badala ya kumwacha na kuanza upya. Hilo nilimwambia mkwe wangu lingekuwa la kwanza siku ya kwanza. Nani anatengeneza dunia kabla ya kutengeneza namna ya kumbeba aliyeanguka?

Na halafu wakaonyesha picha za meli mpya ya kuchimba. Kubwa, pana kama ng'ombe mjamzito, ina mikono miwili ya mwali. Wakasema haihitaji mwangalizi. Mashine itaangalia yenyewe na kutoa mlio.

Nilimwita mkwe wangu. "Andika."

"Niandike nini?"

"Waandikie hao watu. Waambie mashine inaweza kukosea kama ile taa. Waambie waweke kiti cha mtu. Juu kabisa, cha kioo, aone pande zote. Na awe na uwezo wa kuzima mwali bila kumwomba nahodha ruhusa."

"Jaduong', hao wanaandikiwa na maelfu."

"Basi sisi tuongeze watatu."

Akaandika. Mama wa Mwanza naye akaandika lake, refu, na baadaye akaniambia ametia habari za baba yake humo. Sisemi ni sisi tuliowageuza. Mkwe wangu alinionyesha watu wengine wengi waliokuwa wanadai hivyo hivyo, wengine kwa matusi. Lakini miezi ilipita, na siku moja alirudi kutoka kazini akipiga kelele tangu kwenye lango. Wametoa picha mpya. Meli ile ile, mikono ile ile, na juu ya mgongo wake, kama nundu, kiti kimoja cha kioo. Wameandika kwamba wachezaji walikuwa na haki, kwamba mashine itabaki lakini haitakuwa peke yake.

Kuna watu waliwahi kuniambia jiwe lilinigonga kichwani. Hao watengenezaji waliniambia nilikuwa na haki.

Meli ilipokaribia kutoka, nilituma ujumbe Nyacheki. Nilitaka mzee wa juu aje. Binti yake akajibu kwamba baba hatoki, hasemi na mtu. Nikamwambia, "Mwambie ninahitaji mtu wa kazi yake. Kazi yenyewe. Ya kukaa juu." Akaja. Alishuka kwenye bodaboda na kofia mkononi, amekonda zaidi, akasimama nje akaniangalia mguu. Tulisalimiana kwa lugha yetu, bwakire, nikamwambia aingie, asingoje kuitwa kama mgeni.

Sasa, apdeti ilitoka Ijumaa, na nyumba ya mpwa wangu ni ya Wasabato. Ijumaa jua likikaribia kushuka anazifunika kompyuta kwa kitenge na hakuna mjadala. Mume wake, ambaye alibatizwa kwa sababu ya mapenzi zaidi kuliko maji, alijaribu.

"Mama watoto, ni kupakua tu. Kupakua si kazi, ni mashine inafanya."

"Na punda wa kwenye amri ya Sabato naye si mashine? Yeye pia anapumzika."

Tukakaa. Jumamosi yote kanisa la kilimani lilikuwa linaimba, sauti zinashuka kwetu moja kwa moja, na mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje akisikiliza, kichwa ameinamisha. Nilimwona midomo inagusana na kuachana. Sauti haikutoka.

Jua liliposhuka mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyeondoa kitenge, akakikunja polepole ili kutukomoa. Mkwe wangu alikuwa ameleta kompyuta ya tatu kutoka dukani kwake. Tukamkalisha mzee hapo. Nikamweleza: huendeshi chochote, huchimbi chochote. Ukisogeza hiki kidude unageuza macho. Kitufe hiki kinazima mwali. Na wewe unaendelea kutoa sauti.

"Sauti gani?"

"Unajua sauti gani."

Akavaa vitu vya masikio. Tukaondoka kituoni, meli mpya nzito, inageuka kwa uvivu, na jamani ni nzuri. Mama wa Mwanza alikuwa kwenye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, mkwe wangu nahodha. Tukalifikia jiwe. Nikawasha mwali. Kimya.

"Kaka," mama wa Mwanza akaita, "mtu wa juu amenyamaza. Si ulisema akinyamaza tunatoka?"

"Ndivyo nilisema."

"Basi mimi natoka."

Tukazima, tukarudi nyuma. Tukangoja. Tukasogea tena, kimya tena, tukarudi nyuma tena. Mkwe wangu akaanza kucheka. "Jiwe hili tutalichimba mwaka ujao." Mzee alikuwa anatuangalia, mmoja mmoja, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba hatutachimba. Kwamba hakuna hata mmoja wetu atagusa lile jiwe bila yeye.

Akakohoa. Halafu ule mlango wa zizi ukafunguka.

"Kuna mzee hapa chini, ee, amekaa kwa kompyuta kama karani, ee, na soksi yake moja tu, ee, mke gani alimfulia?"

Mpwa wangu huko jikoni aliangusha sufuria. Mama wa Mwanza alicheka hadi akaomba msamaha. Mimi nilichimba. Nilichimba vizuri kuliko siku zote, macho yamejaa maji, na jiwe likafunguka vipande vipande juu ya kichwa changu, na juu yake sauti ile mbaya ikaendelea kuniambia kwamba iko, inaona, na hakuna neno.

Katikati ya wimbo ikakatika. Sote watatu tukazima na kutoka kasi, meli ikalia, vipande tulivyochimba vikamwagika. Nikageuka kumwangalia. Mzee alikuwa amekabwa na kipande cha andazi.

"Nilikuwa nakula," akasema.

"Sawa."

"Mmetoka kwa sababu nilikuwa nakula?"

"Tumetoka kwa sababu ulinyamaza."

Akaweka andazi chini. Akapangusa vidole kwenye suruali. Halafu akasema, bila kuniangalia, maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu hata kwenye ile baraza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. "Sikwenda kunywa. Nilishushwa. Nilimwambia redio haina macho." Mkwe wangu aliacha kucheka. Mama wa Mwanza, ambaye hamjui mwenye shimo wala kilima chetu, akauliza, "Nani alikushusha, baba?" Mzee akamtaja. Kwa jina lake lote, la baba yake na la ukoo.

Akaniambia atalisema tena popote nitakapotaka, mbele ya yeyote.

Kwa hiyo ninaandika. Mwenye shimo, wewe sasa una duka Magwagwa, na kwetu umefungua shimo lingine upande wa pili wa kilima. Nimeambiwa ukingoni umeweka spika kubwa inayotumia jua, na vijana wanaifurahia. Wako chini ya paa saa hii, wanaimbiwa na kitu kisichowaona. Sikuombi fidia kwa maneno haya, wala sikuombi ulie. Nakuomba ufanye kile ambacho watu wa ng'ambo waliifanyia picha ya meli. Simama kwenye baraza ile ile, mbele ya chifu yule yule na mama yangu akiwa amekaa, useme kilichovunjika, useme sababu, useme ni nani. Msafishe mzee huyu mbele ya waliomtemea mate. Halafu toa hiyo spika, umpandishe mtu.

Sisi wawili tutakuwepo, mimi na magongo yangu na yeye na kofia yake. Swali letu ni lile la mama wa Mwanza, na safari hii hatutakubali kuambiwa tupumzike. Nani alimshusha mtu wa juu? Jibu.